KUCHAGUA BUNDUKI YA MARISAU KWA MSAKO WA NDEGE HUKO UINGEREZA

Mzee mmoja, msomaji wa gazeti hili, ametuletea swali ambalo halijapata kuulizwa katika ukurasa huu. Mwanawe yuko Uingereza, katika jimbo la Norfolk, na kazi yake ni katika shamba la shayiri na viazisukari. Kwa majira mawili ya baridi kijana huyo amekuwa mmoja wa watu wanaoswaga ndege wakati wageni wanapokuja shambani kupiga bunduki. Sasa mwenye shamba amemwahidi kwamba mwisho wa msimu ujao, siku ile wanayopewa waswagaji, naye atasimama katika mstari na bunduki yake mwenyewe. Kijana ameweka akiba. Mzee auliza: anunue bunduki ya namna gani, na je, fedha hizo hazitakuwa zimetupwa?

Twamjibu Mzee hapa gazetini, wala si kwa barua, kwa kuwa wako vijana wengine wa nchi yetu wanaofanya kazi mashambani ng'ambo, na kwa kuwa bunduki iliyochaguliwa vibaya haimdhuru mwenyewe peke yake.

MSAKO WENYEWE

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe, maana si kama uwindaji waliotusimulia wazee wetu. Mwindaji wa zamani alimfuata mnyama. Katika msako wa ndege wa Uingereza mwindaji hasogei. Ndege ndio waletwao kwake. Watu wanane au tisa wenye bunduki husimama katika mstari, kila mmoja penye kijiti chake chenye namba. Namba hizo hupatikana kwa kura asubuhi, ili asiwepo wa kunung'unika kwamba mwenzake amepewa mahali pazuri. Waswagaji hujipanga upande wa pili wa kichaka, nao huja polepole wakigonga miti kwa fimbo, pamoja na mbwa. Ndege hutangulia mbele yao kwa miguu mpaka ukingo wa kichaka, kisha huruka na kupita juu ya vichwa vya wenye bunduki.

Ndege wa Norfolk zaidi ni kwale, na yule aitwaye fezanti. Fezanti ni jamaa ya kuku. Dume lake lina mkia mrefu na manyoya ya rangi ya shaba. Wengi wao hulelewa na watu tangu vifaranga, kisha huachiliwa vichakani wakati wa kiangazi. Mkulima wa Kenya atashangaa kusikia kwamba huko hupandwa vipande vya mahindi visivyovunwa kabisa, viwe maficho na chakula cha ndege hao tu. Lakini si upumbavu. Wageni hulipa fedha nyingi kwa siku moja ya kupiga, nyama huuzwa, na katika mashamba mengine ndege ni zao kama shayiri ilivyo zao. Kaskazini mwa Uingereza na Scotland yuko grausi, ndege asiyekubali kufugwa, naye hupita chini chini kwa kasi sana. Habari zake tutaziacha.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Fezanti aliyekwisha kupata mwendo aweza kuruka maili 40 kwa saa, yaani karibu futi 59 kila sekunde. Marisau yanayotoka mtutuni hutumia kama sehemu ya saba au ya nane ya sekunde kufika yadi 40. Katika muda huo mdogo ndege amekwisha kusogea futi 7 au 8. Kwa hiyo hapigwi pale alipo, bali mbele yake, na bunduki ikiwa katika mwendo pamoja naye. Hakuna nafasi ya kufumba jicho moja na kulenga kama afanyavyo askari na bunduki ya risasi moja. Macho yote mawili humtazama ndege, na mikono huileta bunduki begani. Ikifika, iwe imeelekea mahali macho yanapotazama, bila mtu kuisahihisha.

Ndiyo sababu jambo la kwanza kuuliza si jina la fundi aliyeitengeneza, wala bei, wala nakshi zilizochorwa ubavuni. Uliza kama bunduki hiyo imemkaa mwilini.

BUNDUKI IMKAE MTU

Jembe lenye mpini mfupi mno laweza kulima, lakini jioni mgongo utakwambia. Bunduki isiyokukaa haitakuumiza mgongo. Itakufanya ukose, na ubaya wake zaidi, itakufanya umpige ndege mguu au utumbo, aende akafie kichakani kesho kutwa. Mpigaji mwenye moyo huona haya kwa jambo hilo kuliko kukosa kabisa.

Sehemu ya kupima ni ubao wa nyuma, yaani kitako. Urefu wake hupimwa kutoka kwenye kifyatulio mpaka mwisho unaogusa bega. Kwa watu wengi wazima huwa kama inchi 14 na nusu au 15, lakini mikono ya watu si sawa. Kitako kirefu mno hunasa kwapani wakati wa kuinua, hasa mtu akiwa amevaa koti zito. Naye kijana ajaribu bunduki akiwa na koti lile lile atakalovaa Januari, si shati. Kikiwa kifupi mno, kidole gumba kitampiga pua bunduki inapopiga teke.

Kisha iko namna kitako kinavyoshuka. Shavu hukaa juu ya ubao, na jicho huwa nyuma ya mitutu. Ubao ukiwa juu mno, jicho litaona urefu wote wa mtutu kama barabara, na marisau yatapita juu ya ndege. Ukiwa chini mno, jicho litaona chuma cha nyuma tu, na marisau yatapita chini. Jaribio ni jepesi: hakikisha kwa macho yako kwamba bunduki ni tupu, itazame kona ya dari, fumba macho, inua bunduki begani kama kawaida, halafu fumbua. Ukikuta kile kishanga cha ncha ya mtutu kimekaa katikati na karibu na ile kona uliyoitazama, bunduki hiyo yakufaa au iko karibu kukufaa. Rudia mara kumi. Muuzaji akikasirika kwa kurudia huko, nenda duka jingine.

Bado liko jambo la kuume na kushoto, ambalo watu wengi hawalijui mpaka wamekwisha kununua. Kitako cha bunduki nyingi hupindwa kidogo kuelekea kulia, ili jicho la kulia likae sawasawa nyuma ya mtutu. Mtu wa mkono wa kushoto akiichukua bunduki hiyo, upindo utamwendea kinyume. Tena wako watu wa mkono wa kulia ambao jicho lao linaloongoza ni la kushoto. Jipime sasa hivi unaposoma. Nyosha mkono, elekeza kidole kwenye mti ulio mbali, macho yote mawili yakiwa wazi. Kisha funga jicho la kushoto. Kidole kikibaki penye mti, jicho lako la kulia ndilo linaloongoza. Kikionekana kimeruka pembeni, linaloongoza ni la kushoto, na mtu huyo ni lazima apate shauri la mwalimu kabla ya kutoa hata shilingi.

Fundi wa bunduki aweza kuurekebisha ubao. Huukata ukiwa mrefu, huongeza kipande ukiwa mfupi, na aweza hata kuupinda kwa mafuta ya moto. Gharama ya kazi hiyo ni ndogo kuliko tofauti ya bei kati ya bunduki ya kawaida na ile ya majina makubwa. Shule za shabaha huwa na bunduki maalumu ambayo kitako chake hukunjwa na kurefushwa kwa skrubu mpaka kimkae mtu, ndipo vipimo huandikwa. Kama kijana ana fedha za kununua bunduki na hana za kwenda kupimwa saa moja, basi na anunue bunduki ya bei nafuu zaidi, apate za kwenda kupimwa.

NAMBA, UZITO NA MBANO WA MTUTU

Bunduki za marisau huitwa kwa namba, na namba ndogo ndiyo bunduki kubwa. Hesabu yake ni ya zamani. Ukichukua ratili moja ya madini ya risasi ukaigawanya kuwa vipira 12 vilivyo sawa, kipira kimoja kitaingia sawasawa katika mtutu wa namba 12, ambao upana wake ni kama milimeta 18 na nusu. Namba 20 ina upana wa karibu milimeta 15 na nusu. Kwa msako, namba 12 ndiyo ya kawaida kuliko zote, risasi zake hupatikana kila duka, nasi twamshauri kijana achukue hiyo. Namba 20 ni nyepesi na nzuri kwa mtu mdogo wa mwili, lakini humtaka mpigaji awe hodari zaidi, kwa kuwa kwa kawaida hubeba marisau machache.

Uzito nao una kanuni. W. W. Greener, fundi wa Birmingham wa karne ya 19 aliyeandika vitabu juu ya bunduki, alisema bunduki iwe na uzito mara 96 ya marisau inayoyapiga. Wakia moja ya marisau mara 96 ni wakia 96, nazo ni ratili 6. Bunduki nyepesi kuliko hivyo itampiga mtu teke mpaka aanze kufumba macho kabla ya kufyatua. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba amepata bunduki nyepesi kama fimbo, usimwonee wivu.

Karibu na mdomo, mtutu hubanwa kidogo ili marisau yasitawanyike mapema. Waingereza huujaribu mbano huo kwa kupiga karatasi iliyo yadi 40, na kuhesabu matundu katika duara yenye upana wa inchi 30. Mtutu usiobanwa hutia hapo marisau 40 katika kila 100. Wa robo ya mbano hutia 55. Wa nusu 60. Na uliobanwa kabisa 70. Wakia moja ya marisau namba 6 ina punje kama 270. Basi mtutu wa robo hutia punje 148 katika duara hiyo, na uliobanwa kabisa hutia 189.

Mwenye haraka atasema: nipe ule wa 189. Afikiri tena. Ndege wengi wa msako wa kawaida hupigwa katika yadi 20 mpaka 35, si 40, na hapo mtutu uliobanwa kabisa hukusanya punje zote mahali padogo. Mpigaji atakosa mara nyingi, na siku asipokosa, nyama haitafaa kuliwa. Kwa msako wa Norfolk, mbano mdogo katika mtutu mmoja na robo au nusu katika wa pili watosha kabisa.

Juu ya urefu wa mitutu watu wamebishana miaka mingi. Fundi mmoja wa London, Robert Churchill, aliwavutia wengi kwa mitutu mifupi ya inchi 25. Siku hizi wapigaji wengi hupenda 28 au 30. Hatutabishana nao. Iwe 28 au 30, mradi haikushindi kuigeuza.

MITUTU SAMBAMBA AU MMOJA JUU YA MWINGINE

Bunduki ya zamani ya Kiingereza ina mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Ni nyepesi, kama ratili 6 na nusu, nayo hufunguka haraka. Za mafundi wakubwa wa London ni kazi ya mikono ya kustaajabisha: nyumba ya Purdey, iliyoanzishwa mwaka 1814, huuza bunduki mpya kwa zaidi ya pauni 100,000. Lakini mwaka 1875 Anson na Deeley, watu wa kiwanda cha Westley Richards cha Birmingham, walipata hati ya mtambo wao uliorahisisha kazi, na tangu hapo mtu wa kawaida ameweza kupata bunduki imara kwa bei ya kawaida. Nyingi za namna hiyo ziko madukani mpaka leo, zimetumika, na bei si kali.

Namna ya pili ni mitutu iliyobebana, mmoja juu ya mwingine. Ni nzito kidogo, hupiga teke polepole zaidi, na jicho huona mtutu mmoja tu. Zamani wazee wa misako hawakuipenda. Leo imeenea kila mahali. Ile ya kujipakia yenyewe kijana asiinunue kwa kazi hii. Si kwamba haipigi. Lakini katika msako kila mtu hupenda kuona bunduki ya jirani imevunjwa katikati, na hewa yaonekana katika mitutu. Ya kujipakia haionyeshi hivyo, na wenye misako wengi hawaitaki.

Kati ya hizo mbili, tungechagua ipi? Zamani tungesema: mitutu sambamba ya Birmingham, basi. Sasa liko jambo lililobadilisha hesabu, nalo ni marisau yenyewe.

Madini ya risasi ni sumu. Bata huokota punje matopeni wakidhani ni mchanga, nao hufa. Mtu alaye nyama yenye vipande vyake huingiza sumu mwilini. England ilikataza marisau ya risasi kwa bata na ndege wengine wa majini mwaka 1999. Mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba marufuku itaenea mpaka kwenye misako mingine ya England, Scotland na Wales, baada ya miaka michache ya kujitayarisha. Badala yake wengi hutumia marisau ya chuma. Chuma ni chepesi kuliko risasi, hivyo huchukuliwa punje kubwa zaidi, mathalan namba 4 mahali pa namba 6. Tena chuma ni kigumu, hakibonyei kinapopita penye mbano. Mtutu wa zamani uliobanwa sana waweza kuvimba. Risasi za chuma zenye nguvu nyingi zataka bunduki iliyojaribiwa kwa kazi hiyo, nayo hutiwa chapa ndogo ya ua.

Kwa hiyo shauri letu kwa kijana ni hili: namba 12 iliyotumika, mitutu iliyobebana, ya miaka ya karibuni, kazi ya Kitaliano kama Beretta au ya Kijapani kama Miroku, yenye ile chapa ya ua, na yenye midomo ya kubadilishwa kwa kuzungushwa. Haina fahari. Itamfaa leo, na itamfaa marisau ya risasi yatakapokwisha.

Akiipenda ya zamani hata hivyo, asiichukue kabla fundi hajaitazama. Katika Uingereza kila mtutu hujaribiwa kwa baruti nyingi kupita kiasi katika nyumba ya London au ya Birmingham. Hii ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria mwaka 1813. Bunduki isiyo na chapa halali ya jaribio haiuzwi kwa sheria. Nyingine zilijaribiwa kwa baruti nyeusi tu, na risasi za leo zaweza kuzipasua. Nyingine zina chumba kifupi cha inchi 2 na nusu. Risasi ndefu ya inchi 2 na robo tatu huingia humo bila shida, na hapo ndipo penye udanganyifu, maana ganda hupata urefu wake kamili linapofunguka kwa moto, likaziba njia.

Na liko jingine lililokwisha kukata vidole vya watu. Risasi ya namba 20 ikitumbukizwa kwa makosa katika mtutu wa namba 12, hupita chumba na kukwama mbele, haionekani. Mtu hudhani hajatia kitu, hutia namba 12 nyuma yake, na kufyatua. Kwa sababu hiyo maganda ya namba 20 hutengenezwa kwa rangi ya manjano. Kijana asiweke namba mbili katika mfuko mmoja, wala asiazime risasi za jirani bila kuzisoma.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Mzee, na hili umwandikie kwa herufi kubwa. Katika Kenya msako wa namna hii haupo. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza uwindaji wa kujifurahisha. Kanga na kwale wa shambani kwako si fezanti wa Norfolk. Kijana asifikiri ataileta bunduki nyumbani sandukuni kama radio. Bila hati za hapa, zilizopatikana kabla ya kusafiri, atakamatwa uwanja wa ndege, na hatakuwa na la kujitetea.

Huko Uingereza nako hanunui kwanza akaomba ruhusa baadaye. Cheti cha bunduki ya marisau hutolewa na polisi, nao huuliza habari za mwombaji, afya yake, na mahali atakapoiweka. Cheti hukaa miaka 5. Kuomba kwaweza kuchukua miezi, na msimu wa fezanti huanza Oktoba 1 na kwisha Februari 1, kwa hiyo aanze mapema. Bunduki isiwe na mitutu iliyo chini ya inchi 24. Nyumbani ifungwe katika kabati la chuma, na ufunguo usijulikane kwa mtu mwingine hata kama ni rafiki wa chumba kimoja. Akiwa hana cheti bado, aweza kwenda shule ya shabaha kupiga vigae vya udongo kwa bunduki ya shule, chini ya macho ya mwalimu. Na kwa kweli yafaa aende huko mara nyingi kabla ya siku ya waswagaji, maana rafiki zake ndio watakaokuwa kichakani mbele ya mitutu yake. Baragumu ya waswagaji ikilia kwamba wamekaribia, hapigi tena mbele. Hungoja ndege apite nyuma ya mstari. Na ndege asiye na anga nyuma yake hapigwi kabisa.

Akiisha kununua, polisi wapewe habari ndani ya siku 7.